Kabla msingi haujachimbwa, shika tepu mwenyewe

Saiti zetu za ujenzi haziishi neno skwea. Mchomeleaji anaagiza skwea paipu za geti, dalali anakutajia bei kwa skwea mita, kibarua anatumwa alete skwea, kile chuma chenye umbo la L. Halafu fundi mkuu, ukimuuliza kazi imefika wapi, anakujibu: "Nimeshaskwea, kesho tunachimba."

Anamaanisha ameshahakikisha kila kona ya msingi ni pembe mraba, yaani nyuzi 90. Hilo jibu la mwisho ndilo lililonikalisha niandike. Baba yangu alikuwa fundi ujenzi, mimi nasimamia nyumba za watu hapa Morogoro, na naumia kuona mtu aliyejinyima miaka mingi anamwaga zege kwenye msingi uliopinda kwa sababu aliona haya kumwambia fundi, "Naomba tupime tena."

Ile skwea ya chuma ni ya kazi ndogo: kona ya fremu, ncha ya mbao. Mkono wake ukiwa na sentimita 60 na kosa la milimita 2 tu, ukuta wa mita 12 unaoufuata utakuwa umekwenda kombo sentimita 4. Nayo yenyewe hupinda, maana inaangushwa kutwa. Kuijua ni rahisi. Iegemeze kwenye mbao iliyonyooka, chora mstari wa penseli, igeuze upande wa pili, uchore tena kuanzia alama ileile. Mistari miwili ikiachana, irudishe stoo.

Kona ya nyumba hutafutwa kwa kamba na tepu. Toka kwenye kigingi cha kona pima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, kisha sogeza kamba mpaka kati ya alama hizo mbili pawe na mita 5 kamili. Eneo likiruhusu, tumia 6, 8 na 10, maana kadiri pembetatu inavyokuwa kubwa ndivyo kosa la mkono linavyopungua. Ni hesabu ileile ya Pythagoras ya kidato cha pili: 9 jumlisha 16 ni 25. Watu wa Babeli waliandika namba za aina hii kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 1,000 kabla Pythagoras hajazaliwa, kwa hiyo fundi asikwambie ni mambo ya wasomi.

Kisha pimeni kona kwa kona. Majuzi nilikuwa kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, nyumba yake mita 12 kwa 9. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri, ukitazama huoni kasoro. Nikamwomba ashike mwanzo wa tepu kwenye msumari, mimi nikavuta mpaka kona ya mbali: mita 15 na sentimita 6. Tukahamia kona nyingine mbili: mita 14 na sentimita 94. Zilitakiwa zote zisome 15.

"Mama, hizo sentimita tutazimaliza kwenye plasta," fundi akasema.

"Fundi, plasta yangu nataka iwe nyembamba," mama akajibu kwa upole, na tepu hakuiachia. Vigingi viwili vikang'olewa, vikapigwa upya, na saa sita mchana hatujafika vipimo vikakubaliana.

Vipimo vya kona kwa kona kulingana peke yake hakutoshi. Umbo lililo jembamba mbele na pana nyuma nalo linaweza kukupa vipimo sawa, kwa hiyo kuta zinazotazamana nazo zipimwe. Na huku kwetu chini ya Uluguru, ambako viwanja vingi vina mteremko, tepu ivutwe usawa, isifuate ardhi. Tumia mpira wa maji, ule wa kuonyesha ndani unaojazwa maji, kupata usawa huo, la sivyo unapima kilima.

Ukipuuza, nyumba itasimama, haitaanguka. Ila fundi marumaru ataanza na kipande cha sentimita 10 ukutani na kumaliza na cha 6, na jicho la mgeni litatua hapo hapo. Kabati la jikoni litaacha mwanya nyuma. Fundi paa atakata bati kwa mshazari, na vipande vinavyotupwa umevilipia wewe.

Kwa wanaonunua kiwanja nina jambo moja. Skwea mita 400 zinaweza kuwa 20 kwa 20 au 10 kwa 40. Bei ni moja, lakini uzio wa kwanza ni mita 80 na wa pili ni mita 100, na kwenye upana wa mita 10, ukiacha nafasi pembeni, sebule inageuka korido. Uliza urefu wa kila upande, tembea bikoni hadi bikoni, yale mawe ya mpaka. Na ile eka ya "hatua 70 kwa 70" ni ya miguu ya muuzaji; eka ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa karibu mita 63.6.

Kozi ya kwanza ya tofali, yaani mstari wa chini kabisa, ikishapangwa, rudieni kupima, maana kamba hulegea na toroli hugonga vigingi. Vile vya kona visiondolewe mpaka zege la jamvi, yaani la sakafu, limwagwe.