Mdomo wangu uko wapi?

Alhamisi tulikwenda kung'oa gego. Yule mdogo alikuwa jasiri mpaka mlangoni kwa daktari. Yaliyofuata ndani sitayasema, atakuja kuyasoma akikua. Tuliporudi nyumbani alikaa mkekani karibu na bibi yake, anajibonyezabonyeza shavu, mate yanamchuruzika na hana habari. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyejazwa pamba:

"Bibi, mdomo wangu uko wapi?"

Mama hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa anachagua kwa mkono mmoja.

"Muulize mama yako. Ndiye anayeficha midomo ya watu."

Nikajifanya nimesikia simu inaita chumbani.

Habari ya tambi mnaijua, au mnadhani mnaijua. Pale Ngamiani, Tanga, imesimuliwa harusini na matangani mpaka imeota ndevu. Akisimulia mjomba, mimi niliunguza nyumba. Sikuunguza nyumba. Ulikuwa moshi tu, na ukuta ulipakwa rangi mwaka uleule.

Ilikuwa Agosti 2016, sina hata wiki mbili tangu nitue kutoka Chongqing, China. Chongqing ni mji wa vilima na ngazi. Unaingia jengo chini, unapanda lifti mpaka ghorofa ya kumi, unafungua mlango na kukuta barabara nyingine yenye magari. Mito miwili, Jialing na Changjiang, inakutana katikati yake, na hewa ya hapo kiangazi ni ya mvuke wa sufuria. Joto linapita nyuzi 40, na watu wamekaa nje saa moja asubuhi wanakula pilipili. Mwanzoni niliona ni ukorofi. Mwaka wa pili nami nilikuwa nimekaa hapohapo.

Nyuma ya geti la chuo kulikuwa na mama mmoja anauza xiaomian, yaani tambi ndogo, ingawa sahani yake haikuwa ndogo. Stuli ndefu ya plastiki ndiyo meza, stuli fupi ndiyo kiti, unakula magoti yamekufika kidevuni. Wote tulimwita ayi. Ayi hasa ni dada wa mama, mama mdogo, lakini kule kila mwanamke aliyekuzidi umri na ana mwiko mkononi ni mama yako mdogo. Alikuwa anapanga mabakuli mstari mmoja na kuyazungukia bila kupima chochote: soya, siki, maji ya tangawizi, maji ya kitunguu saumu, ufuta uliosagwa, karanga za kukaanga, mboga ya haradali iliyochachushwa, mafuta mekundu ya pilipili. Na kijiko cha mafuta ya nguruwe, ambacho kwangu hakikuwekwa. Supu nayo ilikuwa ya mifupa ya nguruwe huyohuyo, kwa hiyo mimi nilikula kavu. Sufuria ya kuchemshia sikuuliza. Mungu ni mwingi wa kusamehe.

"Bila Nguruwe, liang mbili!" alikuwa akipaza sauti akiniona nashuka ngazi. Ndilo lilikuwa jina langu miaka minne. Liang mbili ni gramu 100 za tambi, zinakufikisha darasani na kukurudisha.

Miezi ya mwisho aliniruhusu kusimama nyuma ya jiko. Hakuwa mtu wa kufundisha. Alikuwa mtu wa kukupiga mkono ukikosea. Alichosisitiza ni mafuta. Unayachemsha mpaka yatoe moshi, unazima, unayaacha yatulie, halafu unamimina juu ya pilipili iliyopondwa kwa awamu tatu. Ya kwanza kwa ajili ya harufu, ya pili rangi, ya tatu ukali. Kati ya awamu unasubiri. "Subiri" ndilo neno la Kichina nililoambiwa mara nyingi kuliko yote.

Siku ya kuaga akanipa mfuko wa huajiao ya kijani, ya kwao Jiangjin. Wanaoiita pilipili wanaionea tu. Ni ganda la kitunda kidogo cha mti wa ukoo mmoja na mndimu, na ukinusa utaamini. Haiunguzi. Inakufisha ganzi. Kule ladha hiyo ina jina, *ma*, na ukali wa pilipili una jina lake, *la*, na chakula chao chote kinaning'inia kwenye hayo maneno mawili. Ile herufi ya *ma* ndiyo hiyohiyo wanayoandika kwenye dawa ya ganzi ya hospitali. Ayi akanionyesha ncha ya ukucha wake wa kidole cha mwisho: kiasi hiki. Nikaitikia kama vijana wanavyoitikia.

Sasa Tanga. Kosa la kwanza halikuwa langu. Mama alitangaza kwamba mtoto atapika tambi za China, na kwetu ukisema tambi mtu anaona nazi, sukari na iliki. Mama mkubwa alikuja na chupa ya chai kabisa. Mjomba alikuja na njaa. Matumbo yao yote yalikuwa yamejiandaa kwa utamu.

Nilianza asubuhi. Tambi za kule ni za manjano na zina ubishi kwenye meno, kwa sababu unga wake unakandwa na maji ya alkali. Nikakumbuka kwamba hayo tunayo, ni magadi, yaleyale ya kuivishia maharage. Kijiko kidogo cha chai kwenye nusu kilo ya unga, chumvi, maji kidogokidogo. Donge likabadilika rangi mikononi mwangu kutoka weupe kwenda umanjano, na mama, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya hatazami, akasogea. Nikasukuma kama chapati, nikakunja, nikakata nyembamba kwa kisu. Mboga niliweka matembele. Ayi kiangazi alitumia mboga ambayo kwa jani na utelezi ni ndugu yake.

Mpaka hapo mimi ni mpishi. Halafu nikaweka mafuta ya alizeti jikoni, na pilipili kavu ya soko la Mgandini niliyoponda kwenye kinu ikiwa kwenye bakuli la bati, na mjomba akaniita sebuleni nimsalimie mtu kwenye simu. Niliporudi mafuta yalikuwa yanatoa moshi vizuri. Nikamimina yote. Mara moja.

Sitaeleza sauti. Pilipili iligeuka nyeusi kabla sijaweka sufuria chini, na moshi wake ukaingia nyumba nzima kama mgeni asiyebisha hodi. Mama mkubwa alitoka nje bila kanga ya kichwani, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. Watu walikohoa mpaka barabarani. Jirani akauliza juu ya ukuta, kwa heshima zote, tumemwona nani mwenye jicho baya mpaka tunafukiza pilipili Jumapili.

Nikaanza upya. Mara ya pili nilisubiri, awamu tatu, nayo yakatoka mekundu na kunukia kama karanga. Lakini nilikuwa nimeaibika, na aliyeaibika ana mkono mzito. Nikakaanga huajiao kavukavu, nikasaga, nikanyunyiza. Ukucha ule niliukumbuka. Niliona tu kwamba kwa watu sita, na baada ya yote yale, ukucha hautoshi.

Mama alipewa wa kwanza. Alikula kwa uma, ameketi kwenye kiti chake cha kamba, na ninachokikumbuka kuliko yote ni kwamba alizipenda. Hilo mjomba halisimulii. Tonge la kwanza alipandisha nyusi. La pili akatazama bakuli. La tatu akasema, "Mbona kama ndimu?" na akaendelea, kamasi zinamtoka, anajifuta kwa ncha ya kanga, anarudi. Nikapumua.

Kisha akaacha.

Uma ukabaki hewani. Akashika mdomo wa chini kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani, akauvuta, akauachia. Akashika wa juu. Akapiga shavu kidogo kwa kiganja. Hakuna aliyezungumza. Macho yake yakaja kwangu, bila hasira, yanauliza tu, yale ya mtu aliyeamka kwenye basi na haitambui stendi.

"Unatetemeka," akasema polepole. "Kama kuna simu imo humu ndani, imewekwa bila mlio." Halafu akasema, "Mdomo wangu uko wapi?"

(Miaka baadaye nilisoma kwamba watafiti wa London walichapisha mwaka 2013 vipimo vya mtetemo huo wa huajiao, wakakuta unafanana na mtetemo wa mara 50 kwa sekunde. Mama hakuhitaji maabara.)

Mama ana presha. Bibi yetu alikufa kwa kiharusi, na kilianzia mdomoni. Kwa hiyo neno ganzi lilipotamkwa pale sebuleni kila mtu alisimama. Mimi nikaanza kueleza *ma* na *la*, ukoo wa mndimu, Jiangjin. Hakuna aliyenisikiliza, na sijui hata mimi ningejisikiliza. Mjomba akapiga magoti mbele ya dada yake, akamshika mashavu.

"Cheka tuone."

"Nicheke nini, nimepotelewa na mdomo?"

"Dada, cheka tuone kama umekwenda upande."

Akacheka. Alicheka kwa amri, meno yote nje, midomo myekundu kwa mafuta, macho yamejaa machozi ya pilipili na ya hofu, na sisi watano tumeinama tunakagua uso wake kama watu wanaotafuta ufa kwenye chungu. Uso ule ninao mpaka leo. Ulikuwa umenyooka, pande zote mbili sawasawa, mzuri. Hatukuamini macho yetu, tukaita bajaji.

Zahanati alipimwa, 160 kwa 100, akagombezwa kwa kuacha dawa. Nesi akauliza amekula nini. Nikasema tambi. "Za nazi?" Nikasema hapana, akaandika hivyohivyo. Na tulipokuwa tunarudi, bajaji imesimama kwenye taa, mama akagusa mdomo wake na kusema, "Umerudi." Baada ya muda kidogo: "Zile tambi zimebaki?"

Ndiyo habari yenyewe, hapo ndipo mjomba humalizia, na watu hucheka. Mimi huwa natoka kufuata maji.

Kwa sababu mwaka 2021, mwanzoni mwa Ramadhani, mama alinipigia simu jioni kutoka Tanga. Alikuwa jikoni, futari. Tukasalimiana, akaulizia watoto, akaulizia mvua za Dar. Halafu akasema mdomo umekufa ganzi upande mmoja, kama siku ile ya tambi zako. Nikacheka. Nikamwambia, "Umelipata wapi kopo langu la huajiao?" Naye akacheka. Nadhani alicheka. Simu ilikuwa inakwaruza, na huwa najaribu kuisikiliza tena ile sauti kichwani nijue ilikuwa kicheko au ni mdomo uliokuwa tayari hautii. Alifuturu, akalala. Hospitali alifikishwa asubuhi.

Daktari hakunilaumu, alisema tu kwamba saa za mwanzo zina thamani yake. Mjomba anasema angechelewa hata bila tambi, anamjua dada yake, mtu wa "itapita". Inawezekana. Siku ile ya 2016 tulikuwa watu watano tumeinama juu ya uso wake, tumekosea, na tukambeba. Siku ya kweli hakuwapo wa kumwambia cheka tuone.

Anaishi nasi sasa. Mkono wa kushoto unashika kikombe ukiwa na hali nzuri. Shavu la kushoto halimwambii kitu. Akila, namfuta wali pale bila kumwambia, naye hujifanya hajui kwamba nafuta.

Kopo la huajiao sikulitupa. Lilihama nami, liko juu ya kabati nyuma ya chujio la nazi. Sikuwa nimelifungua tangu 2021, na nilidhani hakuna anayejua lilipo.

Jumamosi, shavu la mtoto limeshapona na meno yaliyobaki yamerudi kutafuna miwa, mama akaniita. "Nipikie zile tambi."

Nikasema zina chumvi, soya haifai kwa presha.

"Punguza soya. Nimekwambia soya?"

Nikapika. Magadi, kusukuma, kukata. Mafuta kwa awamu tatu, madirisha yote wazi, na nikasubiri kila mara zaidi ya ilivyohitajika. Huajiao ilikuwa imepoteza harufu kidogo. Nikachukua kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho, kwa mara ya kwanza maishani.

Alikula polepole kwa mkono wa kulia. Mtoto alikaa miguuni pake anamtazama kama anayesubiri mazingaombwe. Mama akaweka uma. Akagusa mdomo upande wa kulia, ule unaosikia, akaubonyeza. Akagusa wa kushoto. Akarudi kulia.

"Haya," akasema. "Sasa zimelingana."