Gundi Ilipoachia Mkiani mwa Skii

Oslo, Novemba

Kila mwaka, kabla theluji haijakaa sawasawa katika msitu wa Nordmarka, huzitoa stoo skii zangu za mlimani, vile vyombo virefu vya kuvaa miguuni na kutelezea thelujini, nikazifuta vumbi na kuzikagua kutoka ncha hadi mkia. Safari hii ukaguzi umenionyesha jambo ambalo jicho lingeweza kulipita. Mkiani mwa skii ya kushoto kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba sana, uliofuata ukingo wa chuma kwa urefu wa kiganja hivi. Nilipobonyeza gamba la juu kwa dole gumba, tone la maji ya rangi ya kahawia lilijitokeza kwenye mstari ule, na nilipoondoa dole likanywewa tena ndani. Gundi ilikuwa imeachia, na maji yalikwisha kupata mlango.

Asiyezoea vyombo hivi huenda akadhani kuwa skii ni ubao mmoja uliochongwa, ilhali ni matabaka mengi yaliyobandikwa pamoja. Chini kabisa kuna polithini ngumu ambayo ndiyo hupakwa nta na kuteleza. Pembeni mwake, kwa skii za mlimani kama hizi zangu, kuna kingo mbili za chuma za kushika barafu. Juu yake kuna faiba iliyoloweshwa epoksi, yaani gundi ya kuchanganywa inayoganda ikawa ngumu, kisha kiini cha mbao, kisha faiba nyingine, na mwisho gamba la juu lenye rangi na michoro. Skii inapopinda, faiba ya upande mmoja huvutwa na ya upande wa pili hubanwa, na kiini kilichoshikamana nazo ndicho kinachozilazimisha kufanya kazi kwa pamoja. Gundi ikiachia, kila tabaka hupinda kivyake, na chombo kilichokuwa imara hulegea bila kuvunjika.

Chanzo chake huanza kidogo. Watu wanapopumzika njiani huzisimamisha skii kwa mikia, na mara nyingine mkia hukuta jiwe badala ya theluji. Gamba likishapata ufa, maji huingia, na usiku yakiganda hupanuka kwa takribani asilimia 9 na kuusukuma ufa mbele kidogo. Kesho yake barafu huyeyuka, maji mapya huingia, nayo mbao ya ndani huvimba. Joto nalo lina sehemu yake, kwa maana pasi ya kuyeyushia nta ikikaa muda mrefu mahali pamoja hulegeza gundi, na chuma, plastiki na mbao havitanuki kwa kiasi kimoja.

Tatizo hili lina umri sawa na skii za matabaka zenyewe. Hapa Norway, skii zilizochongwa kwa ubao mmoja zilianza kupisha zile za vipande vilivyobandikwa katika miaka ya 1930, na jina la Splitkein, aina mojawapo ya skii hizo, likavuma kwa ajili hiyo. Tangu wakati huo ubora wa skii umekuwa pia ubora wa gundi yake. Howard Head, Mmarekani aliyekuja kusifika kwa skii zake za alumini zenye kiini cha plaiwudi, aliona za kwanza alizopeleka kujaribiwa mlimani zikivunjika. Hunipa moyo kujua kwamba ninachokishughulikia juu ya meza yangu kiliwasumbua hata wao.

Jirani yangu, mzee aliyetembea na skii tangu utotoni, aliniambia kwa upole kwamba watu siku hizi hununua nyingine. Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Kiini cha skii hizi ni kizima, kingo zake bado ni nene, na vifungio vya viatu havijalegea hata kidogo. Kuzitupa kwa sababu ya ufa wa kiganja kimoja ni ubadhirifu ambao dhamiri yangu haiuwezi. Ningeafikiana naye kama ufa ungekuwa chini ya kiatu, mahali skrubu zinapouma, au kama mbao ingekuwa imeoza na kubonyea, kwa kuwa hapo gundi haina cha kushika, na skii itakayoachia katikati ya Hardangervidda, uwanda mpana wa milimani, mbali na kibanda chochote, inaweza kumweka mtu hatarini kweli.

Kazi kubwa katika matengenezo haya ni kukausha, na ndiyo ambayo wengi huikata kwa haraka. Mafundi wa boti za faiba kule kwetu Pwani hulijua jambo hili vizuri: hawapaki rezini juu ya mbao yenye unyevu hata mwenye boti awasimamie kichwani, kwa sababu itashika kwa juu tu na kubanduka baadaye. Bafu za hapa nyingi zina sakafu inayopashwa joto, kwa hiyo niliupanua ufa kwa vijiti vya meno ili hewa ipite, nikailaza skii kwenye sakafu ile, na kuiacha siku kadhaa. Kila jioni niliingiza ukanda wa karatasi nyeupe ndani ya ufa na kuutazama ulivyotoka. Mwanzoni ulitoka na doa la kahawia, baadaye na unyevu tu, na sikugusa gundi mpaka ulipotoka mkavu.

Baada ya hapo nilikunja kipande cha msasa, nikakipitisha ndani ya ufa na kukisugua huku na huku hadi gundi ya zamani, iliyokuwa inang'aa, ikafifia na kuwa na mikwaruzo. Uso unaong'aa haushikwi vizuri. Nilifuta vumbi kwa spiriti, nikasubiri ikauke kabisa. Bahati ni kwamba ufa wangu uko kati ya faiba na kiini, vitu ambavyo epoksi huvipenda. Ungekuwa kwenye polithini ya chini, kazi ingekuwa ngumu zaidi, maana plastiki hiyo hukataa karibu kila gundi.

Kuhusu gundi, nina msimamo. Supagluu hukauka ikawa ngumu mno kwa kitu kinachopinda siku nzima, na gundi nyeupe ya seremala haifai kwenye chuma na faiba. Epoksi ya dakika tano nayo siitaki, kwa sababu huanza kuganda kabla haijafika ndani kabisa. Nilichukua ile inayoganda polepole, nikapima gundi na hadina, yaani kigandishi chake, kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa, kwa mizani na si kwa macho, nikiwa nimevaa glavu kwa kuwa epoksi mbichi inaweza kumletea mtu mzio wa ngozi usiomtoka tena. Niliipasha skii kidogo kwa kikausha nywele, nikaisukuma epoksi ndani kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ilipokutana na joto ililainika, ikajipenyeza yenyewe, na baada ya muda vitone vilianza kuchungulia upande wa pili wa mkia. Hapo nikajua imefika.

Nilizungushia mkia karatasi ya kuokea ili mbao za kubania zisigandie, nikafunga majiliwa kwa kiasi. Kukaza kupita kiasi huifukuza epoksi yote na kuacha tabaka kavu kwa tabaka kavu. Nilikaza mpaka mstari ukajifunga na utando mwembamba wa gundi ukatokea pembeni, nikahakikisha kwamba mkia umebaki na upinde wake wa asili, nikaiacha hapo hapo ndani, penye joto, hadi jioni ya siku iliyofuata. Stoo ni baridi mno kwa kazi hii.

Leo nimefungua. Nimekwangua masalio kwa patasi, nikanyoosha ukingo kwa tupa, kisha nikagonga mkia mzima kwa sarafu, sentimita kwa sentimita, nikisikiliza. Mahali palipoachia hutoa mlio mzito, uliokufa. Pote nimesikia mlio ule ule mkali unaotoka katikati ya skii. Nimepaka epoksi nyembamba kwenye ncha ya mkia ili maji yasipate tena pa kuanzia. Skii ya kulia inaonekana nzima, ila nayo nitaigonga kesho kabla ya kupaka nta, na zote mbili zitakwenda kwanza Nordmarka, karibu na nyumbani, kabla sijaziamini kwa safari ya milimani wakati wa Pasaka.