Kumbukumbu ya mradi: kuchagua njia ya malipo kwa tovuti ya duka la viungo, Mombasa

Hali ya mwanzo: duka dogo la pilau masala, iliki, mdalasini na pilipili manga, lenye tovuti ya WooCommerce (programu ya duka la mtandaoni inayokaa juu ya WordPress). Oda ni kama 120 kwa mwezi na oda ya wastani ni KSh 1,850. Wateja tisa katika kumi hulipa kwa M-Pesa. Waliobaki ni jamaa walioko Uingereza na Ghuba wanaowanunulia watu wa nyumbani, na hao wanataka kadi. Ukurasa wa malipo ulikuwa na sentensi moja tu: lipa kwa Till (nambari ya malipo ya Lipa na M-Pesa), kisha tuma ujumbe wa M-Pesa kwa WhatsApp. Ujumbe kama huo yeyote anaweza kuughushi, na anayefunga mzigo analazimika kutafuta kila nambari ya risiti kwenye simu ya biashara kabla ya kugusa mfuko wa iliki.

Wiki ya 1: kuchuja

Stripe imetoka mapema, kwa kuwa haifungulii akaunti biashara iliyosajiliwa Kenya. Wapo wanaosajili kampuni Marekani ili waipate, lakini makaratasi ya kodi ya nchi mbili hayalingani na biashara ya mdalasini. PayPal inapokea malipo Kenya, na pesa hutolewa kupitia Equity au M-Pesa. Tatizo lake ni kiwango cha kubadilisha dola, na pia mteja wa Kisauni hana PayPal wala haitaki. Imewekwa pembeni kama akiba.

Pochi la Biashara haikuundwa kwa tovuti: inatumia nambari ya simu ya mwenye duka, haina nambari fupi ya biashara ya kuunganisha na mfumo.

Kosa linalowapotezea watu wiki nzima ni hili. Duka lina "Paybill" ambayo kumbe ni ya benki: 247247 ya Equity, 522522 ya KCB au 400200 ya Co-operative, na mteja huandika nambari ya akaunti ya duka. Nambari hiyo fupi si yako, ni ya benki, hivyo Safaricom haiwezi kukupa ufunguo wake kwenye Daraja, mfumo wake wa kuunganisha tovuti na M-Pesa. Ukitaka kuitumia, unaunganisha na mfumo wa benki yenyewe: Jenga kwa Equity, Buni kwa KCB. Mtengeneza tovuti aulizwe swali hili siku ya kwanza, kabla hajaandika mstari hata mmoja.

Kampuni za kukusanya malipo zilizobaki mezani ni Pesapal, Paystack, Flutterwave na DPO. Hatua ya kwanza kwa kila moja ni kutafuta jina lake kwenye orodha ya Benki Kuu ya Kenya ya watoa huduma za malipo wenye idhini chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011. Kazi ya dakika tano. Kampuni inayoshika pesa zako kwa siku mbili kabla ya kukutumia haipaswi kuwa ya kubahatisha.

Hesabu iliyoamua

Till ya Lipa na M-Pesa hutoza duka asilimia 0.55 kwa muamala unaozidi KSh 200, na ada haipiti KSh 200 kwa muamala. Mteja halipi chochote. Kwa oda ya 1,850 ada ni shilingi 10 na senti kidogo. Kwa oda 120, kama KSh 1,220 kwa mwezi. Kampuni inayotoza asilimia 1.5 kwa M-Pesa ingechukua KSh 3,330. Tofauti ni kama 2,100.

Shilingi 2,100 hazitoshi kumlipa fundi wa tovuti hata kwa siku moja. Kwa hiyo asilimia peke yake si sababu ya kukimbilia Daraja. Kama hakuna mtu wa kudumu wa kushughulikia programu ya tovuti, chukua kampuni, weka plagini yake, ulale. Hapa mtu huyo yupo, ndiyo maana uamuzi umekuwa M-Pesa moja kwa moja kupitia Daraja, na kadi kupitia kampuni. Faida kubwa zaidi ya Daraja ni kwamba pesa za oda ya asubuhi zipo kwenye akaunti ya Till asubuhi hiyohiyo, na mwenye duka anaweza kumlipa msambazaji wa Kongowea kabla ya adhuhuri.

Till au Paybill

Hapa ndipo pa kutulia. Till ni rahisi kwa mteja, lakini haina nafasi ya nambari ya akaunti. Mteja akipuuza kitufe cha tovuti na kulipa mwenyewe kutoka kwenye menyu ya simu, taarifa inayofika haisemi ni ya oda gani. Zamani watu walilinganisha kwa nambari ya simu. Siku hizi taarifa za malipo hayo huja na nambari ya simu iliyofichwa, hivyo unabaki na kiasi na jina. Oda mbili za 1,850 kwa saa moja zikikutana, mtu anakisia.

Paybill inamruhusu mteja kuandika nambari ya oda kama akaunti. Gharama yake hutegemea mpango uliochaguliwa: mteja alipe, duka lilipe, au wagawane. Mteja akikatwa ada juu ya bei ya viungo hulalamika, hata ikiwa ni shilingi chache.

Uamuzi: Till, kwa sababu ombi la PIN litatoka kwenye tovuti na oda itajulikana kwa njia nyingine. Duka ambalo wateja wake wengi huagiza kwa simu na kulipa baadaye lichukue Paybill bila kusita.

Wiki ya 2 na 3: Daraja

Vilivyohitajika: cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA (nambari ya mlipakodi), kitambulisho cha mwenye duka, Till yenyewe, na jina la mtumiaji lenye mamlaka ya msimamizi kwenye tovuti ya M-Pesa ya biashara. Hilo la mwisho husahaulika. Bila msimamizi huwezi kuthibitisha ombi la kuingia kwenye matumizi halisi, kwa sababu msimbo wa uthibitisho hutumwa kwenye simu yake.

Mazingira ya majaribio yana nambari fupi ya wote, 174379, na ufunguo wake. Mtiririko ni huu: omba tokeni (kibali cha muda cha kutumia Daraja), inayodumu saa moja, tuma ombi la STK, simu ya mteja inaonyesha dirisha la PIN, jibu linarudi kwenye anwani ya mrejesho uliyoitaja. Tokeni ihifadhiwe kwa dakika 50 na itumike tena, badala ya kuombwa upya kwa kila mteja.

Nenosiri la ombi ni nambari fupi, ufunguo na muda vilivyounganishwa bila nafasi, kisha vikageuzwa kuwa maandishi ya mtindo wa base64. Muda una tarakimu 14, mwaka hadi sekunde, na lazima uwe uleule ulio kwenye sehemu ya Timestamp. Usisome saa mara mbili. Sekunde ikibadilika katikati, ombi linakataliwa. WordPress huiweka PHP kwenye saa ya UTC, kwa hiyo tumia wp_date('YmdHis') na uhakikishe saa za tovuti ni za Nairobi.

Kwa Till, sehemu mbili huchanganywa karibu na kila mtu. PartyB ni nambari ya Till. BusinessShortCode ni nambari ya duka (store number), nayo ni tofauti na Till ingawa zimetoka kwenye usajili mmoja. Nenosiri hutengenezwa kwa nambari ya duka. TransactionType ni CustomerBuyGoodsOnline. Ukibakiza CustomerPayBillOnline iliyonakiliwa kutoka mfano wa majaribio, kila kitu kitafanya kazi kwenye majaribio na kukataa siku ya kufungua duka.

Kiasi ni shilingi nzima. Punguzo la asilimia 5 kwenye KSh 1,850 linaleta 1,757.50, na Daraja haitaki senti. Ifanye shilingi nzima kwenye kikapu chenyewe, si wakati wa kutuma, ili kiasi cha oda na kiasi kilicholipwa vilingane baadaye. AccountReference isizidi herufi 12 na maelezo yasizidi 13.

Nambari ya simu: ondoa kila kisicho tarakimu, chukua tisa za mwisho, hakikisha zinaanza na 7 au 1, tanguliza 254. Iwe na kisanduku chake, "Nambari itakayolipa", kwa sababu anayepokea mzigo na anayelipa mara nyingi ni watu wawili. Nambari ya Airtel haitapata dirisha la PIN. Sema hivyo chini ya kisanduku.

Wiki ya 4: mirejesho

Kazi halisi ilikuwa hapa. Kutuma ombi ni mchana mmoja, kujua lilivyoisha ni wiki.

Anwani ya mrejesho lazima iwe HTTPS na iwe ya mwisho kabisa. Kama tovuti huelekeza kutoka www kwenda isiyo na www, au huongeza alama ya mkwaju (/) mwishoni, taarifa ya POST hupotea njiani na hakuna anayekuambia. Plagini ya usalama na kinga ya Cloudflare nazo huzuia taarifa zinazokuja bila kivinjari. Anwani hiyo iondolewe kwenye kinga na kwenye kache. Ukisajili anwani za malipo ya mkono, yale ambayo mteja hulipa mwenyewe kutoka menyu ya simu, usiweke neno "mpesa" wala "safaricom" ndani yake, zitakataliwa. Hapa tumetumia "malipo".

Mrejesho wa Daraja hauna sahihi ya kuthibitisha ulikotoka. Mtu akiijua anwani yako anaweza kutuma taarifa ya uongo kwamba oda imelipwa. Kinga ni tatu kwa pamoja: weka neno refu la siri ndani ya anwani, ruhusu IP za Safaricom pekee, na kabla ya kubadili oda kuwa imelipwa uulize hali ya muamala kwa CheckoutRequestID, nambari ambayo Daraja hulipa kila ombi.

Mpangilio uliokaa vizuri: hifadhi taarifa nzima kama ilivyo, jibu 200 (yaani imepokelewa) papo hapo, kisha ndipo uichambue. ResultCode 0 ni malipo. Kiasi, MpesaReceiptNumber na tarehe vimo ndani ya CallbackMetadata. Vitafute kwa jina, si kwa nafasi, maana kipengele cha Balance kinaweza kuja bila thamani. Malipo yakishindikana CallbackMetadata haipo kabisa, na programu inayoitarajia huanguka palepale. Nambari ya risiti iwekewe sharti la kutojirudia kwenye hifadhidata.

Majibu ya kushindwa yanayoonekana zaidi: 1 ni salio halitoshi, 1032 mteja amekataa, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati, 2001 PIN si sahihi, 1001 mteja yumo kwenye muamala mwingine. Kila moja limepewa sentensi yake kwenye ukurasa. Kwa 1037 inayojirudia kwa mteja yuleyule, laini ni ya zamani. Apige *234*1*6# kuisasisha. Kwa 1001 kitufe cha "Lipa tena" hufungwa dakika mbili, kwa kuwa kubonyeza haraka haraka ndiko kunakolileta.

Mrejesho usipofika ndani ya sekunde 60, kazi ya nyuma, inayojiendesha yenyewe kwenye seva, huuliza hali kila dakika, mara tano. Angalizo: muamala ukiwa bado unaendelea, jibu ni kosa 500.001.1001, na msimbo huohuo hutokea nenosiri likiwa baya. Soma maneno yaliyoandamana nao, usiufute muamala kwa kuona tarakimu.

WooCommerce nayo hufuta oda isiyolipwa baada ya dakika 60 kwa mpangilio wake wa kawaida. Mteja akiweka oda, akatafuta pesa kwa wakala na kurudi baada ya saa moja na nusu, analipia oda iliyokufa. Imeongezwa hadi 240.

Wiki ya 5: kadi

Ukurasa wa kadi ni wa kampuni, si wetu: mteja anapelekwa kwao na kurudishwa. Hivyo nambari za kadi hazigusi seva ya duka, na fomu ya PCI DSS (kanuni za usalama wa kadi) inayohusika ni ile fupi, SAQ A. Kampuni iwe na 3-D Secure, yaani benki ya mwenye kadi humthibitisha kwanza. Maswali yaliyoulizwa kabla ya kusaini: pesa hufika benki baada ya siku ngapi, je, ada hurudi mteja akirejeshewa pesa, na mwenye kadi akipinga muamala duka linatozwa kiasi gani. La mwisho huwa halipo kwenye ukurasa wa bei. Liulizwe kwa maandishi.

Mtego mmoja: Paystack hupokea kiasi kwa senti, Daraja kwa shilingi. KSh 1,850 kwa Paystack ni 185000. Programu moja ikihudumia njia zote mbili bila kutofautisha, mtu wa London anatozwa shilingi 18 na nusu kwa kilo mbili za pilau masala. Kuzidisha kwa 100 kumewekwa sehemu moja tu, ndani ya faili ya kadi. Mirejesho ya Paystack ina sahihi ya kidijitali ya HMAC SHA512, na inakaguliwa kabla ya chochote kingine.

Hali ya sasa

Majaribio ya shilingi 1 kwenye Till halisi yamefanyika kwa kulipa, kukataa, kukosea PIN, kuzima simu na kubonyeza mara mbili. Yote yamefika mahali pake isipokuwa simu iliyozimwa, ambayo imetatuliwa na kazi ya kuuliza, si na mrejesho. Kumebaki kuunganisha risiti za eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), na kuandika utaratibu wa kurejesha pesa: nani anaidhinisha, na msimbo wa risiti ya marejesho unaandikwa wapi kwenye oda.