Mzee Aliyeshindwa Kuomba

"Mwanangu, Roho ameniacha," mzee alisema kabla hata ya kuketi. Akifungua Zaburi, macho yalipita juu ya mistari bila kushika kitu.

Mshauri nasaha anayehudumu kanisani akikimbilia kujibu kauli hiyo kwa aya, amekwisha kukubali kwamba tatizo ni imani. Nilianza na mwili: usingizi, chakula, uzito, pombe, dawa. Alikuwa akiamka saa tisa usiku na kukesha hadi alfajiri, suruali imemlegea, na juu ya hayo alikuwa anafunga kutwa nzima ili mzigo uondoke.

Nikampa PHQ-9, fomu ya kupima dalili za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10, mtu anahitaji kuchunguzwa kikamilifu kama ana sonona. Yeye alipata 17. Swali la 9, la mawazo ya kufa, mimi hulirudia kwa mdomo hata kama mtu ameweka sifuri. Yeye aliweka 1.

"Mzee, umefikiria kujiua?"

Nililitaja jambo kwa jina lake. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, ila maneno ya kuzunguka humpa upenyo wa kukana. Alinyamaza, kisha akasema kuna usiku alikwenda stoo akaitazama chupa ya dawa ya wadudu. "Hata kulisema ni dhambi."

Hapo ndipo nilipofungua 1 Wafalme 19, nabii Eliya chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Sauti ya Mungu ilimjia baadaye, kwenye mlima Horebu. Mzee alisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, akarudia ule wa mkate.

Kisha tukaandika mpango wa usalama, kwa mwandiko wake: dalili zinazotangulia (kwake, kuamka na kuanza kuhesabu makosa ya ujana), la kufanya akiwa peke yake, watu wa kuwaita, namba ya kituo cha afya, na namna ya kuondoa sumu nyumbani. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, nalo ndilo halingoji kesho. Kwa ridhaa yake tulimpigia mwanawe pale pale, aichukue chupa usiku huo na asimwache baba peke yake.

Mchungaji aliambiwa kile tu mzee alichoruhusu: kwamba anaumwa, asipangiwe kuongoza maombi. Baraza la wazee likishajua zaidi ya hapo, kwaya nayo inajua.

Barua ya rufaa kwa daktari niliiandika nikiomba apimwe damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi ya kutosha huleta uchovu unaofanana sana na sonona. Nilimweleza mzee pia kwamba akipewa dawa za sonona, kichefuchefu huweza kuja siku za mwanzo, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 6. Wengi huziacha katika pengo hilo. Wengine huziacha ghafla baada ya maombezi, wakapata kizunguzungu na kukosa usingizi, kisha wakaambiwa imani yao ni haba.

"Na mfungo wangu?" aliuliza.

"Ufungue sasa hivi, mzee. Wakuombee wengine kwa muda."