Mbwa wangu alipoanza kuvuja usingizini

Mbwa wangu anaitwa Hayakuhusu. Nilimpa jina hilo nilipohamia Kihonda, hapa Morogoro, kwa sababu kila jirani aliyepita getini alikuwa na swali. Nyumbani tunamfupisha: Haya. Kwa hiyo alipoanza kulowesha anapolala, Shangazi hakulaza damu. "Haya kapoteza haya," akasema.

Ni jike kubwa, chotara, kilo 31 wakati huo, umri miaka sita. Alifungwa kizazi, yaani alitolewa ovari, akiwa na mwaka na nusu. Usiku analala ndani, kwenye korido karibu na mlango wa jikoni. Asubuhi moja ya masika nikakanyaga maji pale. Nikadhani paa linavuja. Nikainama, nikanusa, nikajua si paa.

Nilimgombeza, nakiri. Akarudi nyuma, masikio chini, kisha akaenda kulinusa gunia lake kama limeloweshwa na mbwa mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Mchana alikuwa anakojoa kawaida kabisa: anatoka, anachuchumaa kwenye michongoma, mkojo mwingi kwa mara moja, basi. Hajikamui, halii, hakuna damu. Ila akishapitiwa na usingizi mzito, mkojo unachuruzika wenyewe, na akiamka anaanza kujilamba kwa mshangao.

Shangazi akaleta dawa yake: ndevu za mahindi. Zinachemshwa, maji yanapoa, yanachanganywa na mchuzi wa dagaa. Haya alizipenda. Siku ya nne gunia lilikuwa linachirizika, kwa sababu ndevu za mahindi watu huzitumia kuongeza mkojo, na sisi tulikuwa na mbwa ambaye mkojo haukuwa na shida ya kutoka. Mbegu za maboga nilizikaanga bila chumvi, nikasaga, nikamwekea nusu kijiko kwa wiki kadhaa. Hazikumdhuru, ila sikuona tofauti yoyote. Kuna mtu sokoni aliniambia nimpe kitunguu saumu. Ashukuriwe Mungu sikumpa, maana baadaye nilikuja kujua kwamba vitunguu vya aina zote, maji na saumu, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la maji. Nilikuwa naondoa bakuli magharibi ili alale mkavu. Nilipomsimulia daktari wa mifugo, aliweka kalamu chini.

"Dada, maji usimnyime hata siku moja. Kama figo zina tatizo, utammaliza."

Akaniuliza kwa siku anakunywa kiasi gani. Sikujua. Nikatumwa nyumbani na kazi mbili: kupima maji ya kunywa kwa siku tatu, na kuleta mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Maji yalikuwa rahisi: unajaza bakuli kwa chupa ya lita moja na nusu, kesho unapima kilichobaki. Alikuwa hamalizi hata chupa moja. Daktari alisema mbwa akizidisha mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani zaidi ya lita tatu kwa Haya, hapo tungeanza kufikiria sukari, figo na mengine.

Mkojo sasa. Saa kumi na mbili asubuhi niko uani na kandambili, nimeshika upawa wa Shangazi niliousafisha kwa maji ya moto. Haya anachuchumaa, nami nainama. Akiniona nimeinama, anasimama na kunitazama usoni. Tunazunguka michongoma. Anachuchumaa tena, anasimama tena. Mara ya nne nikajifanya naangalia milima ya Uluguru, mkono ukanyoosha upawa kwa nyuma taratibu, nikapata vijiko kama vitatu. Jirani alikuwa ameegemea ukuta anaangalia yote.

"Unafanya nini, mama?"

"Hayakuhusu!"

Mbwa akaja mbio, mkia juu. Upawa nusura umwagike.

Kipimo hakikuonyesha sukari, damu wala bakteria, na mkojo wenyewe ulikuwa mzito wa kutosha. Ndipo daktari akanieleza kwamba jike akishafungwa kizazi, homoni ya estrojeni inashuka, na kwa baadhi yao ile misuli inayofunga njia ya mkojo inalegea. Inawapata zaidi majike wakubwa, wa kuanzia kilo 20 hivi, na inaweza kuja miaka mingi baada ya upasuaji. Akiwa macho anajizuia, lakini akilala pale panafunguka. Unene unazidisha, kwa sababu mafuta ya tumboni yanakandamiza kibofu.

Kwa hiyo hakukuwa na jani la kuchemsha la kukaza pale. Siwadharau wanaotumia miti shamba, mimi mwenyewe mafua yangu ni mchaichai na tangawizi. Lakini kwa Haya, kazi yangu ya nyumbani iligeuka kuwa ngozi na kitanda.

Ngozi niliichelewa. Sehemu za ndani za mapaja zilikuwa zimeshakuwa nyekundu, manyoya yameshikana, na nzi wameanza kumfuata. Hilo la nzi lilinitisha kuliko mkojo, maana wakitaga pale ni mabuu. Nilimpunguza manyoya kwa mkasi butu, asubuhi na jioni namwosha kwa maji ya uvuguvugu matupu, namkausha kwa khanga kuukuu kwa kugandamiza, sisugui, halafu mafuta ya mgando, safu nyembamba tu. Krimu ya watoto ya kuzuia upele wa nepi nilikuwa nayo mkononi, daktari akanikataza: nyingi zina zinki, na mbwa atailamba.

Pampasi nilijaribu siku moja. Nilitoboa tundu la mkia, nikajisifu. Asubuhi korido ilikuwa nyeupe kama mtu amepasua mto wa sufi, nami nikashinda siku nzima nikihofia amemeza zile pamba zikamziba utumbo. Sikurudia.

Kitanda ndicho ninachojivunia. Fundi alinipigia chaga ndogo ya mbao, imeinuka kama shubiri moja kutoka sakafuni. Juu yake kipande cha godoro kilichofungwa kwenye turubai, kisha khanga mbili. Khanga inalowa, inafuliwa, inaanikwa juani, na saa saba mchana imeshakauka. Gunia la zamani lilikuwa linatunza harufu wiki nzima. Sakafu napiga deki kwa siki na maji, nusu kwa nusu. Mwanzoni nilimwaga jiki juu ya mkojo, ule mvuke ukanitoa machozi na kikohozi, usijaribu. Saa nne usiku namtoa nje akojoe, mvua inyeshe isinyeshe. Ugali wa usiku na mabaki ya maandazi nilivikata, tukaanza kutembea hadi njia panda na kurudi. Baada ya miezi mitano alikuwa kilo 27.

Kupungua kulisaidia, lakini bado usiku mmoja katika mitatu ulikuwa wa maji. Mwishowe daktari akamwandikia vidonge vya fenilpropanolamini, dawa ya kukaza ile misuli, ambavyo ilibidi viagizwe, na kila baada ya muda anampima moyo na presha, maana dawa hiyo inaweza kuipandisha. Ndani ya wiki ya kwanza nilihesabu asubuhi tano kavu. Sasa anavuja labda mara moja kwa mwezi, hasa akiwa amechoka sana.

Desemba Shangazi alikuja kupika pilau. Akafungua kabati, akapekua, akauliza upawa wake mkubwa uko wapi. Nilimwambia ulipotea wakati wa kuhamisha vyombo, nikamkabidhi mpya. Haya alikuwa amelala kwenye chaga yake mlangoni, anakoroma. Nikapitisha mkono chini ya tumbo lake. Khanga ilikuwa kavu.