Nilivyopata umeme wa bakteria kwenye ndoo ya tope baada ya misumari kunipotezea wiki tatu

Muuza vifaa mmoja wa Kariakoo aliniambia kwamba ukitaka umeme wa majitaka, inatosha kuchomeka msumari wa kuezekea bati, ule uliopakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba kwenye tope, kisha upime. Nilifanya hivyo nyumbani kwangu Tabata, na maltimita (mita ya kupimia umeme) ikaonyesha volti 0.8 papo hapo. Niliwaita watoto na majirani waje kuona, na kwa wiki tatu nikawa naongeza misumari na ndoo nikiamini kuwa bakteria wananifanyia kazi.

Kilichonizindua ni msumari mmoja niliong'oa ili niusafishe. Mng'ao wake wa zinki ulikuwa umeliwa, umebaki ukoko mweupe na kutu. Usiku huohuo nilitia kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha maji safi, nikachomeka msumari mpya na waya uleule, na mita ikasoma volti 0.8 vilevile. Umeme wote ule ulikuwa wa zinki inayoliwa, wala bakteria hawakuhusika. Ushauri huo bado unatolewa kwa watu, nami unanikera hadi leo, kwa sababu umeme wa bakteria hautokei papo hapo: wanahitaji siku nyingi kujishikiza kwenye elektrodi (kile kipande cha kupitishia umeme kilichomo topeni) na kuongezeka.

Jambo lenyewe si geni, kwani mtaalamu wa mimea Potter wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alilieleza mwaka 1911. Ndani ya tope lisilo na oksijeni, bakteria kama Geobacter hula uchafu na kuzitoa elektroni, yaani chembe ndogo zinazobeba umeme, nje ya miili yao. Kwa kawaida huzikabidhi kwa madini ya chuma yaliyomo topeni. Ukiwawekea kaboni, huikabidhi kaboni, na elektroni hizo hupita kwenye waya hadi juu ya maji, ambako oksijeni ya hewa huzipokea.

Kwa hiyo nilitafuta kaboni. Mkaa wa jikoni, ambao nao nilishauriwa kuutumia, karibu haupitishi umeme kabisa. Upime mwenyewe uone. Vijiti vya kaboni vya katikati ya betri kuukuu za redio vinafaa, ila ule unga mweusi unaovizunguka ni lazima uoshwe wote, kwani nao hutoa volti za uongo. Viungo vya waya nilivifunika kwa gundi ngumu, maana shaba ikigusa tope huliwa na pia huwadhuru bakteria. Vijiti sita nilivizika chini ya tope jeusi la bonde la Msimbazi, lile linalonuka kama yai viza (vaa glavu!), na sita vingine nikaviacha juu, nusu majini, nusu hewani. Gharama yote haikufika elfu thelathini.

Kati ya vijiti vya chini na vya juu nilifunga rezista (kifaa kinachopitisha umeme kidogo kidogo) ya omu 1,000 tangu siku ya kwanza, ili bakteria wawe na pa kupeleka elektroni. Kila nilipopima niliifungua kwanza, na siku ya nne bado nilipata volti 0.03 tu. Siku ya kumi na moja nilipata 0.31, na wiki ya tatu 0.52. Ndoo ya pili, ambayo tope lake nililichemsha kwanza, haikuvuka 0.05 katika siku zile kumi na moja, na hapo ndipo nilipoamini.

Volti 0.5 haiwashi taa. Nilipounganisha ndoo tatu za namna hii mfululizo, yaani chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, ile dhaifu iligeuka, hasi ikawa chanya, ikala nguvu ya wenzake. Suluhisho lilikuwa kapasita sita (vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme kwa muda): nilizichaji sambamba, yaani zote kwa pamoja, kwa ndoo moja kwa dakika kadhaa, kisha nikazitoa na kuzipanga mfululizo, kila moja ikiwa na karibu nusu volti yake, jumla ikapita mbili na nusu. Nikagusisha kijitaa chekundu cha LED. Kiliwaka kwa muda usiozidi sekunde moja, nami nikarudia mara tisa kabla ya kulala.

Mama lishe wa jirani hunihifadhia maji ya kuoshea mchele, yasiyo na sabuni, nami huyamimina kikombe kimoja kila baada ya siku tatu. Ndoo ina miezi minne sasa, na asubuhi ya leo imesoma volti 0.49.