Ditekta ya Kwanza: Jua Utatafuta Wapi Kabla Hujanunua

Shemeji yangu alipoteza pete yake ya ndoa kwenye mchanga uliolowa, hatua chache kutoka pale mawimbi yanapofia, katika ufuko mmoja wa kusini mwa England ambako tulikuwa tumekwenda na watoto wakati wa likizo ya Agosti. Maji ya bahari ya huku ni baridi hata wakati wa kiangazi, na vidole husinyaa ndani yake, kwa hiyo pete iliyokuwa ikimkaza asubuhi iliteleza mchana bila yeye kujua. Kesho yake nilirudi pale na ditekta, yaani mashine ya kutafutia metali ardhini, niliyokuwa nimeinunua mtandaoni wiki chache kabla kwa pauni 60, mashine ambayo katika bustani yetu nyuma ya nyumba ilikuwa imeniridhisha kabisa. Kwenye mchanga mkavu ilifanya kazi. Nilipoingia kwenye mchanga wenye maji ya chumvi ikaanza kulia kila mahali, kana kwamba ufuko mzima ulikuwa umetandikwa bati. Nikaipunguza nguvu hadi ikanyamaza, lakini ilipokuwa imenyamaza hata pete yangu mwenyewe, niliyoivua na kuiweka juu ya mchanga, haikuitambua mpaka sahani yake ilipokaribia kuigusa.

"Shemeji, basi, tuache, maji yanajaa," aliniambia. Pete ile hatukuipata.

Nimeandika haya kwa sababu tangu siku hiyo ndugu na marafiki kadhaa wameniuliza wanunue ditekta gani ya kuanzia ili watafute sarafu na vito, na kila mmoja huanza kwa kutaja bei au jina la kampuni. Mimi huwauliza kwanza watatafutia wapi. Ardhi ndiyo inayochagua mashine, na mtu akishajua kwa hakika kama atakuwa ufukoni, kwenye shamba lililolimwa au kwenye bustani iliyojaa takataka, nusu ya mashine zilizoko dukani zitakuwa zimejiondoa zenyewe.

Ili jambo hili lieleweke inafaa kujua kidogo jinsi mashine inavyofanya kazi. Ndani ya ile sahani ya kutafutia, ambayo wengi huiita koili, mna nyaya zilizozungushwa. Umeme unaobadilika mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde hupita katika waya mmoja na kuunda uga wa sumaku unaoshuka ardhini. Uga huo ukikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo huunda uga wake wenyewe, ambao waya wa pili huupokea na mashine kuugeuza kuwa mlio na namba kwenye kioo. Mashine haijui dhahabu. Inachojua ni jinsi kitu kilichoko chini kinavyopitisha umeme, na maji ya bahari nayo hupitisha umeme. Kwa hiyo mashine ndogo inayotumia masafa mamoja tu, yaani kasi moja ya kubadilika huko kwa umeme, tuseme kilohezi 7 au 8 (mara elfu 7 au 8 kwa sekunde), huyaona maji ya chumvi kama metali hafifu iliyoenea kila upande, na mlio wake uko karibu sana na ule wa mkufu mwembamba wa dhahabu. Ukiizima chumvi, unaizima na dhahabu.

Dawa yake ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni mashine inayotumia masafa mengi kwa wakati mmoja, ambayo hulinganisha majibu ya masafa hayo na kulitoa lile la chumvi kabla halijafika masikioni. Ya pili ni mashine ya mapigo, ambayo hupiga umeme kwa mkupuo, hunyamaza, kisha husikiliza mwangwi. Hii ya mapigo huzama chini zaidi na haijali sana chumvi, lakini kwa kawaida haiwezi kukutenganishia msumari na pete, na anayeanza atachimba misumari hadi achoke na kuuza mashine. Kwa hiyo kwa mtu wa ufukoni anayeanza, mimi nasema bila kusita: masafa mengi.

Anayekusudia mashamba na bustani tu, mbali na bahari, hana haja ya kulipia uwezo huo. Mashine za masafa mamoja kama Garrett ACE 300, inayotumia kilohezi 8, au Nokta Simplex, zimewafundisha watu wengi kazi hii, na mtu aliyezizoea hupata sarafu vizuri. Kumbuka tu kwamba masafa ya chini hupendelea vitu vikubwa vinavyopitisha umeme vizuri, kama sarafu nene za fedha, ilhali masafa ya juu huviona vizuri zaidi vitu vidogo, kama hereni na vipande vyembamba vya dhahabu. Kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi, kama ule wa sehemu nyingi za kwetu Afrika Mashariki, hakikisha mashine inakuruhusu kuisawazisha na udongo, kwa sababu bila hivyo udongo wenyewe utakuwa unalia.

Mashine niliyoichagua mwishowe ni Minelab Vanquish 440, ya masafa mengi. Siisifu kana kwamba hakuna nyingine. Sanduku lake la juu, lenye kioo na vitufe, halizuii maji, na ni koili peke yake inayoweza kuzamishwa, hadi mita moja. Nililijua hilo wakati nanunua na nikalikubali, kwa kuwa mimi hutafuta wakati maji yamekupwa na siingii zaidi ya magoti. Anayetaka kuingia hadi kifuani asifanye nilivyofanya, bali atafute mashine iliyofungwa yote, kama Minelab Equinox au Nokta Legend, hata ikibidi asubiri miezi michache fedha itimie. Wimbi moja la pembeni linatosha kuua sanduku lisilozuia maji, na hakuna duka litakalokubadilishia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hulipuuza, nalo ndilo linalowakosesha dhahabu. Karibu kila mashine ina kitufe cha kuchuja, yaani kuiamuru isilie inapokutana na metali fulani. Anayeanza, akishachimba takataka siku mbili tatu, hukibonyeza kwa furaha ili asisumbuliwe na foili na vile vipete vya kufungulia makopo ya soda. Jioni moja nilifanya jaribio katika bustani. Nilizika kwa kina cha kiganja vitu vinne, kila kimoja mbali na mwenzake: pete yangu ya dhahabu, kipete cha kopo la soda, kipande cha foili nilichokikunja, na shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1942 aliyoniachia bibi, ile yenye simba na milima nyuma yake. Shilingi ilitoa mlio wa juu, safi, usiotetereka. Pete ilinipa namba 11 kwenye kioo. Kipete cha kopo kilinipa 13, na nilipogeuza upande wa kupitisha koili kikanipa 12. Foili ilicheza kati ya 2 na 4, na hereni ndogo ya mke wangu, nilipoipitisha juu ya koili, ikaangukia papo hapo kwenye namba za foili.

Niliirudia kazi hiyo mara nyingi usiku ule, nikiwa nimepiga magoti na tochi mdomoni, kwa sababu nilitaka masikio yangu yasadiki. Dhahabu ya vito haina namba yake peke yake. Huchanganywa na shaba, fedha na metali nyingine, pete moja ni nene na nyingine nyembamba, moja ni duara kamili na nyingine imekatika, na kila tofauti huisogeza namba. Anayechuja foili na vipete vya makopo amekubali kuacha sehemu kubwa ya pete za wanawake ardhini. Kwa hiyo unapochagua mashine, usivutiwe na ile inayojisifu kuchuja takataka vizuri zaidi. Itafute inayokupa milio ya namna nyingi na namba zinazotulia, kisha uchuje chuma tu, na hayo mengine uyachimbe.

Sarafu ni rahisi kuliko vito, ingawa nazo zina mambo yake. Hapa Uingereza sarafu za peni moja na peni mbili zimetengenezwa kwa chuma kilichopakwa shaba tangu 1992, na za peni 5 na 10 kwa chuma kilichopakwa nikeli tangu 2012, kwa hiyo mashine iliyoamriwa kukinyamazia chuma huweza kuziruka au kuzitolea mlio uliovurugika. Hasara yake ni ndogo. Zenye thamani kwa mtafutaji ni zile za zamani: kabla ya 1920 sarafu za fedha za Uingereza zilikuwa na fedha asilimia 92.5, na kuanzia mwaka huo hadi 1946 asilimia 50, na hizo huimba kwa mlio ambao ukishausikia mara moja hausahau. Shilingi ya bibi ina fedha asilimia 25 tu, lakini bado niliitambua kwa sikio kabla sijatazama kioo.

Kuhusu kina, usiyaamini sana matangazo. Mashine nzuri ya bei ya kati huiona sarafu ya kawaida kwa sentimita 15 hadi 25, kutegemea udongo na jinsi sarafu ilivyolala. Koili kubwa huzama zaidi, ila kwenye takataka nyingi hulichanganya hili na lile. Ya kati, yenye nyaya za umbo la D mbili, humfaa anayeanza.

Usitumie fedha yote kwenye mashine. Mimi nilitenga pauni 300, nikaweka sehemu yake kando kwa ajili ya ditekta ndogo ya mkononi, ile ya kuchomeka ndani ya shimo ili ikuonyeshe kitu kiko upande gani, na koleo la chuma lenye matundu la kuchujia mchanga. Bila hiyo ya mkononi utakuwa unapekua udongo kwa vidole huku mkufu umekaa ndani ya bonge uliloliweka pembeni. Hedifoni pia ni za lazima, kwa sababu mlio wa kitu kilicho chini sana ni mnong'ono, na upepo wa pwani huumeza. Ukimaliza kazi ya ufukoni, osha koili na mpini kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Mashine iliyotumika si aibu. Terry Herbert, aliyeigundua hazina ya dhahabu ya Staffordshire mwaka 2009, alikuwa na ditekta yenye umri wa miaka 14. Lakini kama unanunua kwa mtu, nenda na pete na sarafu mfukoni, mwombe akuwashie, sogeza koili bila kitu chochote chini yake usikie kama inalia ovyo, kisha tikisa waya pale unapoingia kwenye sanduku. Ikilia kwa kutikiswa, iache.

Sheria nayo huingia katika uchaguzi, kwa sababu haina maana kununua mashine ya mahali usiporuhusiwa kwenda. Hapa England kila shamba lina mwenyewe, na ruhusa yake huombwa kabla. Kwenye maeneo ya kale yaliyoorodheshwa, kutumia ditekta bila kibali ni kosa la jinai. Sehemu za ufuko zilizo chini ya Crown Estate, shirika linalosimamia mali ya Ufalme, hazihitaji kibali cha mtu mmojammoja, lakini fuko nyingine ni za halmashauri au za watu binafsi, kwa hiyo uliza. Sheria ya Hazina ya 1996 inakutaka utoe taarifa ndani ya siku 14 ukikuta kitu kinachohesabiwa kuwa hazina, kwa mfano kito chenye zaidi ya miaka 300 na angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha. Pete ya juzi si hazina. Ina mwenyewe, na kazi ya kwanza ni kumtafuta.

Kwa walioko nyumbani ninasema kwa msisitizo zaidi, maana nimeulizwa na mtu aliyetaka kuipeleka mashine Kilwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvichimba kunahitaji leseni. Kenya nayo ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni ushahidi wa biashara ya mababu zetu, na nyingi ya ushahidi huo uko katika mahali zilipolala na vilivyolala kando yake. Tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu hadi leo wanajiuliza zilifikaje huko, kwa sababu aliyeziokota alirudi na sarafu na alama moja tu kwenye ramani. Ukitafuta pete zilizopotea majuzi kwenye mchanga wa ufuko wa kuogelea, kwa ruhusa ya wenye mahali, hapo sawa. Magofu yaacheni.

Mimi sasa huenda ufukoni wakati wa bamvua, kwa kuwa maji yakikupwa sana hufunua ule ukanda ambao siku nyingine huwa chini ya maji, na huko ndiko vidole vilivyosinyaa huacha pete. Hutembea sambamba na mstari wa maji, koili ikigusa mchanga karibu, nikichimba kila kinacholia isipokuwa chuma. Mwezi uliopita nilitoka na vipete vya makopo 23, sarafu 9 na hereni moja ya fedha isiyo na mwenzake. Ufuko ule alikopotezea shemeji nimeshaurudia mara nne, na mashine inanyamaza kwenye chumvi kama inavyotakiwa. Safari ya tano itakuwa bamvua ijayo.